Mtu hufa lini? Sheria yabanwa kati ya daktari na tangi la baridi

MNAMO Januari 12, 1967, James Bedford, profesa wa saikolojia aliyekuwa akiugua saratani, alifariki katika makao ya wauguzi mjini Glendale, jimbo la California, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 73.

Baada ya moyo wake kusimama, waliokuwa karibu naye hawakuanza mipango ya mazishi. Waliuzungushia mwili barafu, wakakisukuma kifua kwa mikono ili damu iendelee kuzunguka, wakadunga dawa ya kupunguza madhara ya baridi, kisha wakaugandisha.

Zaidi ya nusu karne baadaye, mwili huo ungali ndani ya tangi la naitrojeni ya majimaji mjini Scottsdale, jimbo la Arizona, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Shirika la Alcor, ambalo limeutunza tangu 1982, huwaita watu wa aina yake "wagonjwa". Sheria humwita maiti.

Tofauti baina ya maneno hayo mawili si ya mzaha. Mgonjwa ana haki ya kutibiwa, ana mali yake na ana ndoa yake. Maiti haina lolote kati ya hayo. Anayemgandisha mgonjwa ni muuaji, ilhali anayegandisha maiti ni mhifadhi tu.

Ndiposa swali la ni lini hasa mtu husemwa amekufa, ambalo wengi hudhani lilijibiwa tangu enzi za mababu, limewasumbua mahakimu, madaktari na wabunge wa mataifa mengi kwa muda wa miongo sita sasa.

Dakika moja ya thamani

Kwa daktari, kufa ni safari. Ubongo hudhurika dakika chache baada ya kukosa hewa safi, figo hustahimili muda mrefu zaidi, nazo chembechembe za ngozi huweza kukaa hai kwa saa nyingi baada ya jamaa kuanza kulia.

Sheria haiwezi kuongozwa na safari ndefu namna hiyo. Inahitaji saa na dakika, kwa sababu mambo mengi hutegemea dakika hiyo: urithi, bima, pensheni, ndoa ya mjane, hata mashtaka ya mauaji.

Mfano wa karibu umo katika Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160. Kifungu cha 43 kinasema kwamba watu wawili wakifariki katika tukio moja, na isijulikane nani alitangulia, basi itachukuliwa kuwa mkubwa kwa umri ndiye aliyekufa kwanza na mdogo akamrithi. Mume na mke wakipatwa na msiba wa aina hiyo, sheria huwachukulia kuwa walikata roho kwa pamoja.

Kwa hivyo baba na mwana wakiangamia katika ajali barabarani, mali ya baba huenda ikapitia kwa mwana na kuwaangukia wakwe na wajukuu badala ya ndugu zake. Yote hayo hutokana na kukisia nani alitangulia kwa nukta chache.

Sheria ya Ushahidi nayo, katika kifungu cha 118A, inaruhusu mtu achukuliwe kuwa amekufa iwapo miaka saba imepita bila ya wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake kusikia lolote. Hapo hapana mwili wala daktari. Kuna ukimya tu, na sheria imeuwekea ukimya huo mpaka.

Jambo la kushangaza ni kwamba Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 26 inatamka wazi kuwa uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, haisemi uhai huo hukoma lini. Mwanzo umeandikwa, mwisho ukaachwa.

Mashine yavuruga mambo

Kwa karne nyingi hakuna aliyehitaji maandishi hayo. Mtu alipoacha kupumua na moyo ukatulia, alikuwa amekufa. Wazee walimfumba macho, wakamnyoosha viungo, habari zikapelekwa kwa majirani.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1952 mjini Copenhagen, Denmark, ulipozuka ugonjwa wa kupooza, yaani polio. Daktari Bjørn Ibsen alibuni njia ya kuwapulizia hewa wagonjwa kupitia mrija uliotiwa kooni. Wanafunzi wa udaktari kwa mamia walipokezana usiku na mchana wakibinya vifuko vya hewa kwa mikono. Punde si punde kazi hiyo ikachukuliwa na mashine.

Maisha ya watu wengi yaliokolewa. Hata hivyo, mashine hizo zilileta aina ya mgonjwa ambaye hakuwahi kuonekana duniani: kifua kinapanda na kushuka, ngozi ina joto, moyo unapiga, lakini ubongo umekwisha kabisa. Mwaka wa 1959 madaktari wawili wa Ufaransa, Mollaret na Goulon, waliieleza hali hiyo kuwa imepita hata kule kupoteza fahamu.

Kisha ikaja Desemba 3, 1967, miezi kumi na moja tu baada ya Bedford kugandishwa. Katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Afrika Kusini, Dkt Christiaan Barnard aliutoa moyo wa mwanamke kijana aliyeumia vibaya katika ajali ya gari, akaupandikiza kifuani mwa Louis Washkansky. Washkansky aliishi siku 18.

Dunia ilishangilia, lakini swali likazuka papo hapo. Moyo ule ulikuwa mzima kiasi cha kumfaa mtu mwingine. Je, mwenyewe alikuwa amekufa lini? Na kama moyo unaweza kuhama kifua kimoja hadi kingine, utakuwaje tena ndio kipimo cha uhai?

Agosti 1968, jopo la Chuo Kikuu cha Harvard lililoongozwa na Dkt Henry Beecher lilitoa jibu. Lilipendekeza kwamba mtu ambaye ubongo wake umekoma kabisa ahesabiwe kuwa amekufa, hata kama moyo unaendelea kupiga kwa msaada wa mashine. Jopo halikuficha sababu zake: mzigo uliokuwa ukizielemea familia na hospitali, na utata uliokuwa ukizuia upatikanaji wa viungo vya kupandikiza.

Jimbo la Kansas lilikuwa la kwanza nchini Marekani kuliingiza wazo hilo katika sheria mwaka wa 1970. Mwaka wa 1981 tume ya rais ilipendekeza sheria moja kwa majimbo yote. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu amekufa iwapo mzunguko wa damu na upumuaji umekoma pasipo kurejesheka, au iwapo kazi zote za ubongo mzima, pamoja na shina lake, zimekoma pasipo kurejesheka.

Uingereza ilifuata njia yake. Huko hakuna sheria ya bunge inayoeleza maana ya kifo. Tangu 1976 madaktari hutumia mwongozo wa vyama vyao unaoangalia shina la ubongo, nazo mahakama zimekubaliana nao. Japani ilisita kwa miaka mingi na kupitisha sheria ya upandikizaji wa viungo mwaka wa 1997 pekee.

Miongoni mwa Waislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni wa fikihi lililokutana mjini Amman, Jordan, Oktoba 1986, liliamua kuwa mtu amekufa pale moyo na pumzi zinapokoma, au pale kazi zote za ubongo zinapokoma na madaktari mabingwa wakathibitisha kuwa hazitarejea. Hata hivyo, wapo wanazuoni ambao hadi leo hawajaridhia kipimo hicho cha pili.

Kufa mara mbili

Kipimo cha ubongo hakipaswi kuchanganywa na kupoteza fahamu. Aliyepoteza fahamu bado ana ubongo unaofanya kazi kwa kiasi fulani, na huenda akaamka. Kwa anayeshukiwa kuwa ubongo umekufa, madaktari humulika mboni za macho, hugusa koo kuona kama atakohoa, na husimamisha mashine kwa muda kuona kama atajaribu kuvuta pumzi mwenyewe.

Kabla ya hayo yote, ni sharti wahakikishe kuwa mgonjwa hajalewa dawa na kwamba mwili wake hauna baridi kupita kiasi. Tahadhari hii ya mwisho ina maana kubwa kwa mjadala huu, kwani baridi inaweza kuigiza kifo.

Mnamo Mei 1999, daktari mmoja wa kike aliyekuwa akiteleza kwenye theluji nchini Norway alitumbukia kijitoni akanaswa chini ya barafu kwa muda wa dakika 80. Joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzi 13.7. Moyo haukuwa ukipiga. Madaktari wa Tromsø walimpasha joto polepole kwa mashine ya kuzungusha damu, na akapona hata akarejea kazini. Kwa kuyajua hayo, madaktari wa dharura husisitiza kwamba mtu asitangazwe kuwa amekufa kabla mwili wake haujapashwa joto.

Sheria nayo imewahi kutofautiana na yenyewe. Desemba 2013 msichana wa miaka 13 katika mji wa Oakland, California, alitangazwa kuwa amekufa kiubongo baada ya upasuaji, na cheti cha kifo kikatolewa. Familia yake ilikataa. Ikamhamisha hadi jimbo la New Jersey, ambako sheria ya 1991 inazuia kipimo cha ubongo kutumiwa kwa mtu ambaye dini yake haikikubali.

Huko alihesabiwa kuwa hai, akatunzwa kwa mashine hadi Juni 2018 alipofariki, na cheti cha pili kikaandikwa. Msichana mmoja, vyeti viwili, na zaidi ya miaka minne baina yake. Mama yake alivuka mipaka ya majimbo akiwa na mtoto ambaye upande mmoja alikuwa maiti na upande wa pili alikuwa mgonjwa.

Neno moja lenye uzito

Uzito wote wa sheria hizi umeegemea neno moja: kutorejesheka. Lakini kurejesheka kwa nani, na kwa ujuzi wa mwaka gani? Moyo uliosimama mwaka wa 1900 haukurejesheka. Leo huenda ukaamshwa kwa mshtuko wa umeme ndani ya gari la wagonjwa.

Hapa ndipo wafuasi wa ugandishaji wa miili wanapojenga hoja yao. Robert Ettinger, mwalimu wa fizikia wa Michigan aliyeieneza fikra hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1964, alishikilia kwamba anayeitwa maiti leo ni mgonjwa ambaye daktari wake hajazaliwa. Ettinger alifariki Julai 2011, naye akagandishwa katika taasisi aliyoianzisha mwaka wa 1976.

Hata wanasheria ambao hawana haja na ugandishaji wameingia katika neno hilo. Mwaka wa 2021 jopo lilianza kuipitia upya sheria ya Marekani ya 1981, na moja ya mapendekezo yaliyozua ubishi ni kuondoa "kutorejesheka" na kuweka "kudumu". Tofauti ni hii: kisichorejesheka hakiwezi kurudishwa hata watu wakijaribu, cha kudumu hakitarudi chenyewe, na hapana atakayejaribu kukirudisha. Wajumbe hawakuelewana, na kazi ikasitishwa mwaka wa 2023.

Ubishi huo hauko mbali na vitanda vya wagonjwa. Nchini Uingereza, daktari anayethibitisha kifo kwa kipimo cha moyo hutakiwa kuangalia kwa muda usiopungua dakika tano baada ya moyo kusimama. Moyo huo pengine ungeweza kuamshwa katika dakika ya tatu. Hauamshwi kwa kuwa imekwisha amuliwa kuwa matibabu hayana faida tena. Hivyo basi, ndani ya kipimo cha kifo mna uamuzi wa watu walio hai.

Hakuna aliyeujaribu mpaka huu waziwazi kama Thomas Donaldson, mtaalamu wa hisabati wa California aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo. Aliona kwamba akingoja kufa kwa desturi, uvimbe utakuwa umeuharibu ubongo ule ule aliotaka kuuhifadhi. Akaiomba mahakama ruhusa ya kugandishwa akiwa hai.

Mahakama ya rufaa ilimkatalia mwaka wa 1992. Ilisema mtu ana haki ya kukataa matibabu, lakini hana haki ya kutaka wengine wamsaidie kujiua, na wala serikali haiwajibiki kuwapa kinga watakaomsaidia. Donaldson alifariki mwaka wa 2006, akagandishwa baada ya kifo kama wengine.

Uamuzi huo ulikamilisha kitendawili. Ili agandishwe kihalali, mtu lazima awe amekufa kisheria. Ili ugandishaji uwe na maana kwa anayeuamini, lazima awe hajafa kabisa. Wahudumu hungoja mlangoni, na daktari atamkapo neno, huanza mbio.

Maiti si mali ya mtu

Kuhifadhi maiti kwa muda mrefu si jambo geni. Mwili wa Vladimir Lenin, aliyefariki Januari 21, 1924, umewekwa hadharani mjini Moscow kwa zaidi ya karne moja. Mwili wa Agostinho Neto, rais wa kwanza wa Angola aliyefariki Septemba 1979, ulihifadhiwa na wataalamu wa Kisovieti na haukuzikwa hadi 1992.

Hiyo ni hifadhi kwa ajili ya walio hai, ili watazame na kukumbuka. Hapana aliyedai kuwa Lenin ataamka. Ugandishaji ni tofauti kwa kuwa hudai kumhudumia marehemu mwenyewe, nayo sheria haijui namna ya kumhudumia mtu ambaye imekwisha kumwondoa miongoni mwa watu.

Katika nchi nyingi zilizofuata sheria za Uingereza, Kenya ikiwemo, maiti si mali ya mtu yeyote. Haiuzwi, hairithiwi, na wosia kuhusu mazishi huheshimiwa kwa hiari tu. Wanaotaka kugandishwa nchini Marekani hukwepa tatizo hilo kwa kutia saini mkataba unaoutoa mwili kwa shirika kama zawadi kwa sayansi, na hulipia gharama kwa bima ya maisha.

Ufaransa ilikataa mlango huo. Dkt Raymond Martinot alimweka mkewe aliyefariki 1984 ndani ya jokofu katika ghorofa ya chini ya nyumba yao bondeni Loire, naye akawekwa kando yake alipofariki 2002. Januari 2006 baraza kuu la rufaa za kiserikali liliamua kwamba sheria ya Ufaransa inatambua kuzikwa au kuchomwa tu, na familia haina ruhusa ya kuhifadhi mwili jokofuni. Kabla serikali haijautekeleza uamuzi huo, jokofu liliharibika. Mwana wao akaichoma miili ya wazazi wake.

Hata pale sheria inaporuhusu, haiwezi kulinda ahadi ya milele. Kusini mwa California, katika makaburi ya Chatsworth, miili tisa iliyokuwa imegandishwa na chama kimoja iligunduliwa mwaka wa 1979 ikiwa imeyeyuka na kuoza baada ya fedha kwisha. Jamaa walienda mahakamani wakalipwa fidia, lakini waliokuwa wakitunziwa hawakuwa na namna ya kulalamika.

Mvutano wa walio hai

Kesi iliyogusa nyoyo za wengi ilisikizwa London mwaka wa 2016 mbele ya Jaji Peter Jackson. Msichana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa saratani alimwandikia jaji akiomba mwili wake ugandishwe. Mama yake alikubali. Baba yake, ambaye walikuwa wametengana naye kwa miaka mingi, alipinga.

Baba huyo alieleza kuwa hata binti yake akifufuliwa baada ya miaka 200, huenda asimkute jamaa hata mmoja wala asikumbuke mambo, akabaki mpweke katika nchi ya kigeni angali na miaka 14. Baadaye alilegeza msimamo, lakini mvutano wa nani ataamua haukwisha.

Jaji alimtembelea msichana huyo hospitalini. Katika uamuzi wake wa Oktoba 6 alisema mahakama haikuombwa kutoa hukumu kuhusu sayansi ya ugandishaji, bali kuhusu wazazi wawili wasioelewana. Akampa mama mamlaka ya kuamua. Msichana alifariki siku 11 baadaye akijua matokeo, na mwili ukasafirishwa hadi Marekani. Gharama ilikuwa takriban pauni 37,000.

Hata hivyo, hospitali iliifahamisha mahakama kwamba siku ya kifo haikuwa shwari. Mama alishughulika mno na matayarisho ya baadaye hata akakosa muda wa kutosha wa kuwa na bintiye, na kundi la kujitolea lililokuja kuuandaa mwili halikuwa na vifaa vya kutosha. Jaji alipendekeza serikali ifikirie kuweka kanuni.

Wakenya hawahitaji kwenda London kuuelewa mvutano huo. Wakili Silvano Melea Otieno alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong, akisema hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi ya marehemu. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mujibu wa mila za Waluo.

Mwili ulihifadhiwa jijini Nairobi kwa zaidi ya miezi mitano huku mawakili wakibishana. Mei 15, 1987, Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi, na mazishi yakafanyika Mei 23. Hapana aliyekana kuwa Otieno amekufa. Kilichobishaniwa ni nani mwenye kauli juu ya mtu asiyeweza tena kusema.

Mchezaji mashuhuri wa besiboli wa Marekani, Ted Williams, alipofariki Julai 2002, wosia wake ulisema achomwe na majivu yatupwe baharini Florida. Wanawe wawili walitoa karatasi waliyosema aliitia saini akikubali kugandishwa. Binti yake mkubwa akaenda mahakamani, kisha akaacha kesi mwaka huo huo. Williams yuko Arizona hadi leo.

Sayansi imefika wapi?

Ni haki kuuliza kama kuna tumaini lolote ndani ya matangi hayo. Adui mkuu wa mwili unaogandishwa ni barafu yenyewe, kwani maji yanapoganda hufanya fuwele zinazopasua chembechembe. Ndiyo sababu wahifadhi wa siku hizi huondoa damu na kujaza dawa zinazoufanya mwili uwe kama kioo badala ya barafu.

Kwa vitu vidogo, mbinu hizo zimefaulu. Mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka wa 1984, na tangu hapo wengine wengi wamezaliwa kwa njia hiyo. Mwaka wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitangaza kwamba figo za panya zilizohifadhiwa kwa muda wa hadi siku 100 zilipashwa joto, zikapandikizwa na kufanya kazi.

Kutoka figo ya panya hadi ubongo wa mwanadamu ni mwendo mrefu. Hakuna mtu wala mnyama mkubwa aliyewahi kugandishwa kwa kiwango hicho akarejeshewa uhai. Isitoshe, wengi waliomo matangini walifika huko wakiwa na miili iliyokwisha kuharibiwa na ugonjwa, uzee au kuchelewa.

Iwapo siku moja mmoja wao ataamka, sheria itapata kazi mpya. Mjane wake atakuwa ameolewa tena, shamba litakuwa limegawanywa, na bima iliyolipa kwa kuwa amekufa itauliza maswali. Dhana ya miaka saba katika sheria ya Kenya hubatilika aliyepotea akirudi nyumbani. Cheti kinachotolewa na daktari hakikuandikwa kwa kumtarajia mtu arudi.

Kwa sasa, mpaka uliowekwa na sheria unabaki kuwa wa lazima, ingawa umechorwa na binadamu na huenda ukasogezwa. Bila mpaka huo, mjane hawezi kuzika, watoto hawawezi kurithi, na mgonjwa anayehitaji kiungo hawezi kukipata kutoka kwa mtu ambaye hakimfai tena.

Nchini Kenya, ambako upandikizaji wa figo umekuwa ukitegemea watoaji walio hai, hasa jamaa wa karibu, mjadala wa kipimo cha ubongo hautaepukika siku moja. Vyumba vya wagonjwa mahututi vimeongezeka, na familia nyingi zimekwisha kusimama kando ya kitanda ambapo mashine inapumua na daktari anaomba ruhusa ya kuizima.

Familia hizo hukutana na swali hili kwa mara ya kwanza katika saa mbaya kuliko zote, aghalabu bila kujua mgonjwa mwenyewe angetaka nini. Mahakama ya London na ile ya Nairobi ziliachiwa kuwapatanisha jamaa baada ya mambo kuharibika. Mazungumzo ambayo yangaliwaepusha hufaa kufanyika mapema, nyumbani, wakati ambapo kila mmoja angali anaweza kujisemea.